Idhini Si Radhi

Juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa, kuna jiwe la maandishi ya Kireno ambalo wengi wanaoingia ngomeni hulipita bila kuinua shingo. Liliwekwa mwaka 1639. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Ukisomewa mstari kwa mstari utasikia kwamba aliijenga upya ngome na kuongeza chumba cha walinzi. Aliwarudisha watu wa pwani chini ya mfalme wake, akaitoza kodi Manda na miji mingine. Alikwenda mwenyewe Pate na Siyu, akabomoa kuta za miji yao. Huko Pemba aliwaua, kwa uamuzi wake mwenyewe, watawala walioasi pamoja na wakuu wa mji. Kisha yanakuja malipo: heshima ya nyumba ya kifalme, juu ya nafasi aliyokwisha kupewa kwa huduma nyingine katika shirika la wapiganaji lenye jina la Kristo, na posho ya milreis 50 kwa mwaka. Mwisho wa yote, tarehe, kwa mwaka wa Bwana.

Ngome ina jina la Yesu, na juu ya mlango wake damu ya wazee wa Pemba imeandikwa kama wema uliolipwa. Ukitaka kujua kosa la kusoma ushindi wa vita kama hukumu ya Mungu huanzia wapi, simama chini ya jiwe hili. Na kabla ya kulisoma ukajue kilichotangulia, kwa sababu jiwe lenyewe halikisemi.

Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa, alilelewa Goa, makao makuu ya Wareno huko India, na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua nahodha wa Kireno, akarejea katika Uislamu, na Wakristo wengi wa mji wakauawa. Mwaka 1632 msafara wa meli kutoka Goa ulikuja kuikomboa ngome, ukashindwa, ukaondoka. Baadaye Yusuf mwenyewe aliihama ngome akatoka kwa bahari, na Wareno wakarudi katika ngome aliyoiacha. Kwa hiyo wale waliokuja na kuweka jiwe la ushindi hawakuishinda ngome hiyo vitani. Waliikuta imeachwa.

Miaka 59 baada ya jiwe kuwekwa, Waomani wakapita chini yake na kuitwaa ngome. Hapo anayeamini kwamba mshindi ndiye mteule wa Mungu ana kazi kubwa. Aeleze Mungu alibadili nia mwaka 1631, akaibadili tena 1632, tena 1698, tena 1728 Wareno waliporudi, tena 1729 walipofukuzwa na watu wa Mombasa, tena 1837 Sayyid Said wa Oman alipowatoa Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, na tena 1875 manowari za Kiingereza zilipoipiga ngome mizinga. Kuta ni zilezile za mawe ya matumbawe.

Kiswahili kina maneno mawili yanayotosha kulifungua fundo hili, na yote mawili tunayatumia kila siku: idhini na radhi. Idhini ni kuachia jambo litokee. Radhi ni kupendezwa nalo. Mzazi anaweza kumwachia kijana wake aende safari asiyoiridhia, na kila mtu wa nyumbani anaijua tofauti. Wanazuoni wa Kiislamu wameliweka hili kitaalamu: kuna matakwa ya Mwenyezi Mungu ya kukadiria, ambayo hakuna kitu kinachotokea nje yake, na kuna matakwa yake ya kisharia, yaani anachokiamuru na kukipenda. Sura ya Az-Zumar, aya ya 7, inasema kwamba Mungu haridhii kufuru kwa waja wake. Na kufuru ipo duniani, tunaiona. Basi kuna yanayotokea kwa idhini bila radhi, na hilo si falsafa ya watu wa mbali. Limo ndani ya msahafu.

Sasa lipeleke kwenye vita. Hapa inafaa kukaa na Uhud, kwa kuwa Ramadhani ikifika tarehe 17 Badr husimuliwa kwa kirefu misikitini, na Uhud hupitiwa mbio mbio. Badr ni wachache waliowashinda wengi: watu 313 hivi kwa 1,000. Ni kisa kitamu, na anayekisikia peke yake huondoka akidhani kwamba imani ikiwa safi ushindi haukosi.

Uhud ilikuwa mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 Hijria. Walitoka Madina kama 1,000. Njiani Abdullah bin Ubayy akageuka na watu wapatao 300, wakabaki 700 kuwakabili 3,000. Mtume (S.A.W.) aliweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, chini ya Abdullah bin Jubair, kazi yao kuzuia farasi wasizunguke kwa nyuma. Amri ilikuwa wasitoke hata wakiwaona wenzao wanadonolewa na ndege. Mwanzoni Waislamu walishinda, Makuraishi wakakimbia, ngawira ikaonekana. Wengi wa wale 50 wakashuka, akabaki Abdullah na wachache. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa upande wa Makka, akaliona pengo na kuzunguka na farasi wake. Waliouawa walikuwa 70, Hamza akiwa mmojawao.

Soma sasa Aal Imran taratibu. Aya ya 152 inasema Mungu aliwatimizia ahadi yake walipokuwa wakiwaua maadui kwa idhini yake, mpaka walipozozana na kuasi. Aya ya 166 inasema yaliyowasibu siku yalipokutana majeshi mawili yalikuwa kwa idhini ya Mungu. Neno ni lile lile. Ushindi wa asubuhi ni kwa idhini, na kipigo cha baadaye siku ile ile ni kwa idhini. Na katikati, aya ya 165, wanauliza: msiba huu umetoka wapi? Wanajibiwa: umetoka kwenu wenyewe. Idhini haikufuta sababu. Sababu ni watu kushuka kilimani. Aya ya 140 inamaliza ubishi kwa kusema siku kama hizi Mungu huzizungusha baina ya watu kwa zamu. Na anayeambiwa ni jeshi lililokuwa na Mtume ndani yake.

Makosa mawili hufanywa hapa, na yote mawili huyasikia barazani. La kwanza ni kusema tumeshinda kwa hiyo Mungu yu nasi. La pili, ambalo naliona baya zaidi kwa kuwa huvaa kilemba cha ucha Mungu, ni kusema wameshindwa kwa hiyo Mungu amewakasirikia. Hilo la pili ndilo linalomfanya mtu amtazame mkimbizi aliyepoteza nyumba na watoto, kisha atafute dhambi yake.

Tulipime kwa mazingiwa ya 1696 hadi 1698, kwa kuwa yalitokea hapa na sababu zake zinahesabika. Waomani walifika Machi 1696 na watu wapatao 3,000. Ngomeni mlikuwa na Wareno wasiofika 100, pamoja na Waswahili zaidi ya 1,000, wake kwa waume. Hapo tayari hadithi ya dini dhidi ya dini inavunjika: wengi wa waliokuwa ndani wakitetea bendera ya msalaba walikuwa Waislamu. Watu wa Faza waliokuwa ngomeni walikuwa na uhasama wao wa zamani na Pate, na Pate ilikuwa na Oman. Walioomba dua usiku, ndani ya kuta na nje, wengi wao walielekea kibla kimoja.

Kilichoamua ni upepo na maradhi. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, kusi huchukua kuanzia Aprili. Meli ya Masqat na meli ya Goa zote huja Mombasa kwa kaskazi. Kusi likishaingia, msaada wa Goa haufiki tena mpaka mwisho wa mwaka, na mlango pekee unaobaki ni Msumbiji, kwa kuwa meli ya kusini hupandishwa na kusi. Kwa hiyo aliyefika Machi, mwisho wa kaskazi, alimpata adui akiwa na miezi mingi mbele yake bila msaada wa Goa. Msaada wa kwanza ulifika mwezi wa Desemba 1696. Ukaleta watu, na muda si muda maradhi yakaenea katika ngome iliyojaa. Watu walikufa makundi kwa makundi. Agosti 1697 nahodha Mreno, António Mogo de Mello, akafa, na uongozi wa ngome ya mfalme wa Ureno ukashikwa na Bwana Daud wa Faza, Mwislamu. Mwezi uliofuata merikebu Santo António de Tanná ikaja kutoka Msumbiji kwa kusi, na Oktoba ikazama mbele ya ngome. Iko pale chini mpaka leo. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimo makumbushoni.

Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipoingia, waliobaki wakilinda kuta walikuwa kama dazeni moja. Siku chache baadaye meli za msaada kutoka Goa zikatokea, zikaona bendera ya Oman juu ya ngome, zikageuka.

Siku chache. Kaskazi ya mwaka ule ingeanza mapema kidogo, au meli zingeng'oa nanga wiki moja kabla, wahubiri wa Goa wangekuwa na mahubiri ya shukrani na wa Masqat wangekuwa na mahubiri ya subira. Muumini anaweza kusema upepo pia ni wa Mungu, na amesema kweli. Lakini upepo mwingine wake, kusi, ndio uliowaleta Wareno Mombasa mwaka 1505, walipouteketeza mji, ambao waliuteketeza tena baada ya kuja mwaka 1528. Anayesoma radhi katika kaskazi ya 1698 sharti aisome na katika moto wa 1505, na hapo ulimi utamwia mzito.

Biblia nayo, ukiisoma isivyosomwa kwenye mikutano ya hadhara, haimpi mshindi hati. Waamuzi sura ya 20 ni mahali ambapo wahubiri wengi hawapiti. Waisraeli wanakwenda kupigana na ndugu zao wa Benyamini. Wanamuuliza Mungu, anawaambia waende. Wanakwenda, wanapigwa, watu 22,000 wanaanguka. Wanalia, wanauliza tena, wanaambiwa tena waende. Wanaanguka 18,000. Siku ya tatu ndipo wanaposhinda, na sura inayofuata wanakaa wakilia kwa sababu kabila moja limekaribia kutoweka. Wameuliza, wamejibiwa, wamepigwa mara mbili, na ushindi wenyewe umegeuka matanga. Katika 1 Samweli 4 wanalibeba Sanduku la Agano mpaka uwanjani wakidhani Mungu atalazimika kuwa upande wao. Wanakufa 30,000 na Sanduku linatekwa. Mfalme Yosia, ambaye kitabu kinasema hakukuwa na mfalme kama yeye kabla yake katika kumrudia Bwana kwa moyo wote, anauawa na Farao huko Megido. Na Yoshua, karibu na Yeriko, anamuuliza mtu mwenye upanga uliochomolewa: wewe u wetu au u wa adui zetu? Anajibiwa: la. Amekuja kama amiri wa jeshi la Bwana. Swali la upande gani halikupata jibu alilolitaka.

Kisha iko Karbala, mwaka wa 61 Hijria, na hapa naona hoja haina pa kukimbilia. Husein bin Ali na watu kama 72 waliuawa kando ya Furati, na jeshi la Yazid likashinda ushindi usio na shaka yoyote kijeshi. Walizuiwa maji. Vichwa vilipelekwa Damasko. Kama mshindi ndiye mwenye radhi, basi Waislamu tangu siku hiyo wamekuwa wakimlilia asiyefaa. Hakuna Mwislamu wa Mombasa, Sunni wala Shia, atakayelikubali hilo. Wala Mkristo hawezi kuifuata kanuni hiyo bila kuiacha Ijumaa Kuu, siku ambayo dola ilishinda na Yesu akatundikwa. Dini zote mbili zimeweka moyoni mwao mtu aliyeshindwa na wenye silaha. Wareno wenyewe waliwaita mashahidi wale waliouawa Mombasa mwaka 1631. Hawakusema Mungu alikuwa na Yusuf.

Shela nayo inafaa kutajwa, kwa kuwa watu wa Mombasa ndio walioshindwa. Mnamo 1812 Mazrui wa Mombasa wakishirikiana na Pate walishuka pwani ya Shela kuipiga Lamu. Bahari ya pwani yetu hupwa na kujaa kwa takriban saa sita sita, na wakati wa bamvua tofauti ya maji hupita mita 3. Vyombo vilivyoletwa mpaka ufuoni maji yakiwa juu vilikwama mchangani maji yalipokupwa. Watu wa Lamu wakatoka kwa nguvu, washambuliaji wakarudi mbio kwenye vyombo visivyoelea, wakauawa hapo hapo ufuoni. Nahodha yeyote wa Mombasa aliijua bahari, kwa hiyo kosa halikuwa ujinga. Mtu anayetegemea kusonga mbele hapangi njia ya kurudi.

Lamu ilishinda. Ikaogopa kulipiziwa kisasi, ikamwomba Sayyid Said wa Oman ulinzi, akaleta liwali na askari, na ngome ya Lamu ikamalizika mnamo 1821. Mji uliojitawala kwa mabaraza yake ukawa chini ya mtu mwingine kwa sababu ya ushindi wake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mtu akija na dai kwamba Mungu alitoa ushindi fulani, lipime hivi. Kwanza tazama dai lilitolewa lini. Surat Rum ilisema Warumi wameshindwa nao watashinda katika miaka michache, na hilo lilisemwa kabla. Madai mengi tunayoyasikia husemwa baada ya matokeo, na baada ya matokeo kila mtu ni mtabiri. Pili, ligeuze. Je, msemaji angekubali kanuni hiyo hiyo upande wake ungeshindwa? Akisema kushindwa kwao ni adhabu na kushindwa kwetu ni mtihani, ana mizani yenye mawe mawili. Tatu, tafuta kilima chake: ni nani aliyeshuka, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, chakula kilikuwa cha siku ngapi. Novemba 1914 Waingereza walipitia Mombasa wakienda kuipiga Tanga na askari wapatao 8,000 dhidi ya kama 1,000 wa Wajerumani. Waliwapa onyo kwanza, wakachelewa kushuka, wakaingia katika mashamba na vichaka wasivyovijua, nyuki wakachokozwa na risasi wakawavamia watu wa pande zote mbili. Walirudi Mombasa wakiwa wameacha mamia ya bunduki. Kwenye bizimu za mikanda ya askari wengi wa Ujerumani ya zama zile palikuwa na maneno ya kwamba Mungu yu pamoja nao, na miaka minne baadaye Ujerumani ilishindwa vita vizima na mikanda ile ile kiunoni.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, tazama mshindi alifanya nini kesho yake. Hapo ndipo radhi inaweza kuulizwa, kwa sababu hapo amri za Mungu zinajulikana: mateka, mjane, mali ya yatima, mji uliosalimu amri. Mtume alipoingia Makka mwaka wa 8 Hijria aliwaachia huru watu waliomfukuza. Miaka miwili kabla, huko Hudaibiya, alirudi bila vita na bila kufika Al-Kaaba, kwa mkataba ambao masahaba waliuona wa kudhalilisha, na Qurani ikauita ushindi ulio wazi. Isaya sura ya 10 nayo inaita Ashuru fimbo ya hasira ya Bwana, kisha hapo hapo inaahidi kuiadhibu fimbo hiyo kwa kiburi chake. Kutumiwa hakukuwa kupendwa. Mpime Cabreira kwa kipimo hiki, kwa maneno yake mwenyewe yaliyoko langoni, bila kuongeza lolote.

Wapo watakaosema ukiondoa hukumu ya Mungu kwenye ushindi umemwondolea aliyeonewa tumaini. Hofu hiyo naielewa, na si ya kubeza. Lakini aliyeonewa akishindwa ndiye anayeumizwa zaidi na kanuni hiyo. Wagiriama walipopigwa na Waingereza mwaka 1914 na Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, kulipuliwa kwa baruti, je, dai lao la kutotaka kuhamishwa na kutozwa watu wa kazi liligeuka kuwa batili siku hiyo? Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza kukataa, alikuwa na haki kabla ya baruti, na alikuwa nayo baada yake.

Imamu au padri anayeombwa kuwaombea wanaokwenda vitani ana mfano wa kufuata. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim Mtume aliwakataza watu kutamani kukutana na adui, akawaambia waombe afya na salama, na wakikutana naye wasubiri. Dua ya namna hiyo haitangulizi matokeo. Inaomba vita visiwepo. Vikiwepo, inaomba mtu asishuke kilimani kwa ajili ya ngawira, asimguse aliyeweka silaha chini, na akirudi salama asiandike jina la Mungu juu ya alichowafanyia wazee wa Pemba.